Samoni wanaruka ila hawagusi chambo, nibadilishe nini?

Mshipi_Mrefu: Wakuu, naombeni ushauri. Navulia kutoka ukingoni, sehemu za chini za mito inayoingia ghuba ya Tillamook, Oregon, Marekani. Fimbo futi 9, rili saizi 4000, mshipi wa kusuka wa kuhimili ratili 30, boya na mayai ya samaki. Samoni wanaruka mbele ya macho, lakini boya likizama ni mwamba tu. Nipandishe saizi ya ndoana au nibadili chambo?

Chubwi: Ndoana iache kwanza, tatizo ni kina. Samoni akishaingia maji matamu huacha kula. Hakimbilii chambo cha mbali, hukibana kikimpitia puani. Kwa hiyo chambo kipite sm 30 hadi 50 juu ya sakafu ya mto. Anza na kina kifupi, ongeza nusu futi kila unaporusha mpaka chubwi ianze kugonga mawe na boya lidonoe, halafu punguza futi moja.

Mpangilio kutoka juu: kifundo cha uzi cha kuzuia boya, shanga, boya la kuteleza, chubwi yenye tundu katikati, shanga nyingine, swivo (kiungo cha chuma kinachozunguka), kisha sm 50–60 za fluorokaboni (uzi usioonekana kirahisi majini) ya ratili 20 na ndoana saizi 2/0. Boya na chubwi vilingane. Boya la gramu 28 juu ya chubwi ya gramu 14 huelea juu mno, samaki akivuta anahisi uzito na kutema.

Soma kichwa cha boya. Kikiinamia upande mto unakoelekea, chubwi inaburuta sakafuni. Kikiinamia upande mto unakotoka, wewe ndiye unalizuia. Na ule mshipi uliolala majini ukipinda tumbo, mkondo unalikokota boya kuliko kasi ya maji. Inua fimbo, litupe tumbo hilo upande wa juu wa mto bila kulitikisa boya. Wengi hawafanyi hivi, halafu wanalaumu mayai.

Bamvua: Naongezea wakati. Huko chini maji ya bahari yanafika, basi kaa pale saa mbili za mwisho za kujaa na yanapoanza kupwa, maana samaki wapya hupanda na maji. Mvua ikinyesha mto ukawa kahawia, pumzika. Ukianza kushuka na kupata rangi ya kijani, unaona kama mita moja chini, ndiyo siku yenyewe. Mto ukiwa mdogo na mwangavu, nenda alfajiri, shuka hadi fluorokaboni ya ratili 12 na kipande cha mayai kidogo. Mayai yakipauka yameshatoa utomvu wote, badilisha. Hao wanaoruka wasikuchanganye, mara nyingi si wao wanaobana chambo.

Kilindi: Kama ni koho, aina mojawapo ya samoni, mimi mayai nayaweka pembeni. Chukua jigi (ndoana yenye kichwa kizito na manyoya) ya gramu 10–14, zambarau au waridi, itupe kwenye maji ya polepole kando ya magogo. Iache izame, ipige mara mbili kwa mkono mfupi, iache ishuke. Anabana ikiwa inashuka, kwa hiyo mshipi uulegeze kidogo tu. Ukilegea sana hutasikia kitu. Spina (chambo bandia chenye bapa la chuma linalozunguka) namba 4 au 5 nayo inafaa, ivute taratibu kadiri bapa linavyoweza kuzunguka. Likigoma, kuna jani.

Mshipi_Mrefu: Shukrani wakuu. Nitamjuaje wa kubaki naye?

Chubwi: Mtazame akiwa bado majini. Chinuku, aina nyingine ya samoni, ana fizi nyeusi na madoa mkia mzima. Koho fizi zake ni nyeupe pale meno yanapoota, na madoa yapo nusu ya juu ya mkia. Kile kipezi kidogo cha nyama mgongoni, karibu na mkia, kikiwa kimekatwa na kovu limepona, huyo ametoka kituo cha kuzalisha samaki, na kwa kawaida ndiye wa kubaki naye. Aliyenasa nje ya mdomo anarudishwa. Leseni peke yake haitoshi, samoni anahitaji na kadi ya kurekodi unaobaki nao. Idadi ya samaki wa kubaki nao na aina ya ndoana hutofautiana mto kwa mto, na hubadilika hata katikati ya msimu, kwa hiyo angalia tangazo la Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Oregon kabla ya kutoka.

Bamvua: Vijino vya ndoana vibane kwa koleo hata pasipolazimishwa. Wa kurudishwa anatoka haraka, na mshipi ukiwa umekaza hachomoki kirahisi.