Nyumba ya Langoni: wageni wa Fatma

Fatma: Asalam aleikum jamaa. Kesho baada ya isha nawasomea watoto barazani ile hadithi yangu ya viumbe wa angani wanaokuja kuichukua dunia. Nimekwama mwisho. Nawaomba munisaidie.

Ami Athman: Waaleikum salam mwanangu. Ni wale wenye macho matano?

Fatma: Manne, Ami. La tano lilikuwa kisogoni, likawa lakwaruza kuta za vichochoro, nikaliondoa.

Saidi: Usiliondoe shangazi!!! Ndilo zuri

Fatma: Basi nitalirudisha, lakini wakipita Mkomani walifumbe.

Shee wa Malindi: Washukie Ngomeni kwanza. Nyinyi wa Lamu mwasahau kuwa mlango wa angani uko huku kwetu. Yale majukwaa ya Waitaliano baharini, San Marco na Santa Rita, roketi za kupeleka setilaiti zilirushwa pale kuanzia 1967 mpaka 1988. Na setilaiti ya Uhuru ilitoka pale tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya yatimiza miaka saba. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutumwa kuchunguza eksirei za nyota.

Fatma: Shee, umenipa sura nzima! Ramani yao ni kuukuu, yaonyesha Ngomeni. Wanafika na jeshi lao, wanamkuta mvuvi ashona nyavu. Anawaambia: "Roketi hapa zilikoma zamani, jamaa. Jaribuni Lamu."

Shee wa Malindi: Na awauzie samaki kabla hawajaondoka.

Mwl. Mwanaisha: Kwani wanaitaka dunia ya nini? Watoto watakuuliza hilo la kwanza, nawajua.

Fatma: Hapo ndipo penye jambo la kweli, na laniuma tangu nilijue. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2. Kila kimoja kimebeba sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, kama zile za santuri, yenye salamu kwa atakayeiokota huko mbali. Voyager 1 sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Salamu ni za lugha 55. Kiarabu kimo. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kisotho kimo. Kisumeri kimo, na hakuna mama anayembembeleza mtoto kwa Kisumeri tangu maelfu ya miaka. Kiswahili hakimo.

Bibi: Hakimo?

Fatma: Hakimo Bibi. Nimeipitia orodha mara tatu.

Bibi: Wapeleka salamu za dunia nzima na sisi hatukuulizwa. Hata hodi.

Fatma: Sasa kwenye hadithi, hawa viumbe wameiokota ile sahani. Wakasema, watu wanaosalimu wasiowajua kwa upole namna hii hawawezi kupigana, twendeni tukawachukulie nchi yao. Wakajifunza lugha zote 55. Wanatia nanga baina ya Lamu na Manda, wanatangaza amri yao kwa kila lugha, moja baada ya moja. Watu wamejaa gatini wanasikiliza tangu alasiri.

Mwl. Mwanaisha: Fatma, Kiarabu ustadh ataelewa.

Fatma: Kiarabu chao kilipofika punda wote wa mji walilia kwa pamoja.

Saidi: 😂😂😂 Na Kiingereza? Mimi naelewa

Fatma: Wamekiweka mwisho. Kufika hapo watu washakwenda kula.

Ami Athman: Ngoja. Kiganda umesema kimo? Mimi nimekaa Kampala miaka sita. Nitie mimi.

Fatma: Wewe ndiwe shujaa tangu mwanzo, Ami! Wewe peke yako ndiwe unayepiga kelele: "Jamani, hawa wataka tuwape nchi kabla ya magharibi!" Lakini kuna na Kireno.

Ami Athman: Eeeh. Kireno nacho.

Fatma: Zamu ya Kireno ilipofika, wazee hawakuelewa hata neno, lakini wote waliinuka, wakaingia ndani, wakatia makomeo.

Bibi: Wamefanya vyema.

Ami Athman: Hapo ongeza maneno, usipite mbio. Mwaka 1506 merikebu za Wareno zilikuja hivyo hivyo, mizinga mbele na madai ya kodi. Watoto wajue kwamba mji huu ushawahi kuona watu wakiteremka kutoka kusikojulikana na kusema kila kitu ni chao. Wale pia tuliwaona kama viumbe.

Fatma: Naandika sasa hivi. Ahsante Ami, hili sikulifikiria.

Saidi: Sasa wapigwe na leza

Fatma: Hapo ndipo nilipokwama, babangu. Sitaki leza. Hadithi hizi kila mara humalizika kwa mabomu na mji umebomoka. Mji wetu nyumba zake ni za matumbawe na chokaa, na boriti zake ni za mikoko. Sitaubomoa hata kwa karatasi. Vyombo vyao vya vita tayari vimekwama vichochoroni, maana vichochoro vyetu ni kipimo cha punda na mzigo wake. Na punda akija mbele, ni wao wa kurudi nyuma. Lakini bado wako mjini. Nitawatoaje?

Shee wa Malindi: Wapake sifa. Harufu ile ya mafuta ya papa, hata mwenye pua moja atakimbia.

Saidi: Wana pua tatu!!

Bibi: La. Mgeni hafukuzwi kwa uvundo. Amekosa adabu yeye, sisi tusikose. Mgeni siku mbili, ya tatu apewa kazi.

Ami Athman: Bibi amesema! Siku mbili wale, wanywe kahawa. Siku ya tatu wapelekwe Matondoni kwa mafundi wa majahazi, wakakalafati. Pamba isokotwe, itiwe mafuta, ipigwe kwa patasi baina ya mbao mpaka maji yasipenye. Sifa watapaka wenyewe mwisho, na hawatakimbia, maana chombo watakipenda.

Fatma: Wana mikono minane. Fundi atawafurahia sana.

Mwl. Mwanaisha: Na chombo chao nacho kinavuja! Ndiyo maana wanatafuta dunia nyingine. Waseme hivyo kwa aibu, usiku, mkubwa wao akiwa peke yake na fundi.

Fatma: Mwanaisha, nimesisimka mwili. Kumbe tishio lote lilikuwa ni watu ambao chombo chao chavuja.

Ami Athman: Basi fundi akikalafati. Na walikuja na kaskazi?

Fatma: Januari, ndiyo.

Ami Athman: Wangojee kusi ianze. Waliokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Uhindi walirudi kwao na kusi, wakiwa wamefanya biashara na wengine wameoa. Hawa pia waondoke hivyo, na watu gatini wapunge mikono.

Saidi: Mmoja abaki, yule mdogo. Achunge punda

Fatma: Mmoja abaki, Saidi. Ahadi.

Fatma: Na wakiondoka nataka wapewe sahani nyingine, ya salamu ya 56. Bibi, tafadhali, nisemee wewe. Nitaiandika vile vile utakavyosema, na kesho watoto waisikie kwa sauti yako.

Bibi: Mimi?

Fatma: Nani mwingine, Bibi.

Bibi: [ujumbe wa sauti, 0:38]

Fatma: Kwa ambao simu zenu hazifungui, Bibi asema: "Hodi huko muliko. Sisi ni watu wa Amu. Nyote wazima? Wana wazima? Wazee je, walala? Tumesikia mwatafuta pahali. Ndia ya kwetu ni ya bahari. Mukiya, muye na njaa."

Shee wa Malindi: Mashaallah.

Mwl. Mwanaisha: Nalia mimi huku.

Bibi: Imeharibika hiyo. Mwadhini yuwaadhini nyuma yangu. Nitasema tena baada ya sala.

Fatma: Usirudie Bibi, nakuomba. Ile sahani ya kwanza haikutiwa maneno tu, imetiwa na mvua, na mawimbi, na ndege, na mtu acheka. Yetu iwe na adhana ya Langoni.

Bibi: Haya, iache. Naenda kutawadha. Na huyo mdogo atakayebaki, mwambieni Saidi atalala chumba chake.