Kikundi cha Ukoo, Ngamiani: albamu za roki za miaka ya 1990

Mwanaidi: Mjomba shikamoo. Jana umesema Nevermind ya Nirvana siyo namba moja, ukalala. Mimi nimebaki macho.

Mjomba Salimu: Marahaba mwanangu. Naipa ya tatu. Ilitoka Septemba 1991, Januari ikamshusha Michael Jackson kileleni kwenye chati ya Marekani, hilo silikatai. Ila kaseti yake nilikuwa nasukuma mbele. Albamu ya kusukuma mbele siipi namba moja.

Mwanaidi: OK Computer ya Radiohead je? 1997. Sehemu kubwa walirekodi kwenye jumba la zamani karibu na Bath. Kuna wimbo mwimbaji wao Thom Yorke aliimbia kwenye ngazi za mawe, mwangwi wa nyumba unausikia kabisa.

Mjomba Salimu: Ya pili. Kwa heshima zote.

Mama Zuhura: Na mimi je? No Need to Argue, Cranberries, 1994. Wimbo wa Zombie unawalilia watoto wawili waliouawa na bomu Warrington, Uingereza. Yule dada mwimbaji anavyoivunja sauti pale, mzazi huwezi kusikiliza huku unakuna nazi. Unaweka mbuzi chini.

Mwanaidi: Kweli ma'mdogo 😢

Mama Zuhura: Haya kaka, itaje hiyo ya kwanza.

Mjomba Salimu: Automatic for the People, R.E.M., 1992. Kaseti yenyewe pande zake hazikuandikwa A na B, ziliandikwa Drive na Ride. Karibu na mwisho wa Ride kuna Nightswimming, wimbo wa kuogelea usiku. Hauna ngoma, hauna gitaa. Piano, sauti, vayolini zilizopangwa na John Paul Jones, yule wa besi wa Led Zeppelin, halafu mwishoni inaingia zumari ya Kizungu peke yake. Sisi tulikuwa tunatoka kuogelea Raskazone usiku, chumvi haijakauka mwilini, naiweka. Siku moja redio ikautafuna utepe palepale kwenye piano. Nikafungua skrubu kwa ncha ya kisu, nikakata palipokunjika kwa wembe, nikaunga kwa selotepu, nikarudisha kwa biki. Ikawa inaruka nusu neno. Leo nikiisikiliza kwenye simu, ikifika pale bado naingoja iruke.

Bibi: Vayolini na gitaa mnaona ajabu? Kikundi cha Black Star waliingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu hapahapa Tanga, mimi binti.

Mjomba Salimu: Ndiyo mama. Masikio haya umenipa wewe.

Mwanaidi: Mjomba mimi kwenye hiyo albamu naujua wimbo wa Everybody Hurts tu.

Mjomba Salimu: Ndiyo maana unabishana nami. Anza wimbo wa kwanza, zima data, usiruke hata mmoja.

Mama Zuhura: Cranberries ya ngapi? Sijajibiwa.

Mjomba Salimu: Ya nne dada.

Mama Zuhura: Ya nne!! Kesho nakuja kwako.

Mwanaidi: Nimefika wimbo wa kumi na moja, Nightswimming. Zumari imeingia.