Buti za ngozi za kazi hapa Mwanza: nichukue mpya au mtumba, na nazitunzaje?

mchomeleaji_igombe

Wakuu habari za kazi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yetu iko huku Igombe kando ya ziwa, tunatengeneza boti za chuma, matanki na mageti, kwa hiyo siku nzima niko kati ya maji na cheche, asubuhi mnavuta boti kwenye tope la ufukweni, mchana uko juu ya chuma unakata na grainda. Nimechoka na hizi sefti, buti za usalama kazini, za bei ya chini, kwa nje unaona ngozi, miezi michache tu rangi inabanduka, chini yake unakuta kitambaa, na soli inaachia pale mbele.

Sasa nimejichanga nataka buti moja ya ngozi ya ukweli ikae miaka. Kuna duka mjini wana mpya wanataka laki mbili na nusu. Halafu pale soko la Mlango Mmoja nimeona za mtumba, nzito, zina chuma mbele, zimeandikwa Red Wing, zile za Marekani, mama anataka elfu tisini. Nitajuaje ngozi ni ngozi kweli? Mtumba kwa kazi hii ni salama? Na kutunza ndo nimechanganyikiwa kabisa, mmoja ananiambia paka mafuta ya kula, mwingine anasema ukirudi weka karibu na jiko zikauke upesi, mwingine anasema kiwi tu inatosha. Naombeni mwongozo wenye uzoefu, hii hela nimeisotea.

fundi_viatu_makoroboi

Mkuu, mimi ni fundi viatu, nashona huku mjini. Nianze na hilo la jiko maana ndo linaloniumiza roho kila siku nikiletewa buti nzuri zimeharibiwa.

Ngozi ikiwa imelowa haivumilii joto hata kidogo. Ikiwa kavu inastahimili, ikiwa na maji ndani zile nyuzinyuzi zake zinajikunja na kugandana, inasinyaa, ikikauka inakuwa ngumu na ukiikunja inapasuka pale vidole vinapokunjia, na hapo hata uipake dawa gani hairudi. Watu wanasema maji ya ziwa yameua buti, hapana, maji yalikuwa yatoke yenyewe taratibu, aliyeua ni jiko la mkaa la jioni. Na kuna huu mtindo wetu wa Mwanza wa kuanika buti juu ya jabali saa saba mchana kama dagaa, lile jiwe ukikanyaga peku unaruka, sasa ngozi mbichi itafanyaje?

Ukirudi toa kamba, toa soli ya ndani, fungua ulimi mpaka mwisho. Tope litoe na brashi na kitambaa kilicholoweshwa kidogo, usiliache likaukie pale kwenye mshono, mchanga wa ufukweni ukikaa kwenye uzi kila unapokunja mguu unausaga uzi. Halafu jaza magazeti ndani mpaka mbele kwenye vidole, yakilowa toa weka mengine, buti ilaze ubavu kivulini penye upepo ili soli nayo ipumue. Hazitakauka usiku mmoja kama zimelowa kweli, siku mbili ni kawaida, ndo maana mtu wa kazi yako anahitaji jozi mbili za kupokezana hata kama ya pili ni ya kawaida. Buti inayovaliwa mbichi kila asubuhi inaoza uzi kutoka ndani na miguu inapata fangasi.

Mafuta ya kula achana nayo. Yanaingia ndani, yanachacha, yananuka, yanashika vumbi. Kiwi nayo ni nta na rangi, inang'arisha na kukinga kidogo juu lakini hailainishi ngozi. Kiwandani ngozi ikishatiwa dawa isioze huwa inarudishiwa mafuta ndo iwe nyororo, na hayo mafuta yanatoka kidogo kidogo kwa jasho, maji na sabuni. Kazi yako ni kuyarudisha. Tafuta dawa ya kulainisha ngozi, zile zenye nta ya nyuki ni nzuri, paka kiasi kidogo sana kwa kitambaa kwenye buti KAVU na safi, sugua hasa kwenye mikunjo na kwenye mshono, acha ilale, asubuhi piga brashi. Sio kila wiki. Ukiona ngozi imepauka na mikunjo imekuwa mikavu ndo unapaka. Na wewe unachezea cheche, kwa hiyo ile inayobaki juu ifute kabisa, usiende kuchomelea buti inateleza mafuta.

mama_belo_mlango_mmoja

Mwanangu mimi nauza mtumba wa viatu hapo hapo, nikueleze ukweli hata kama sio mimi uliyeniona.

Ngozi usiichome na kiberiti, kuna vijana wanakuja wanataka kuchoma viatu vya watu. Angalia pale ngozi ilipokatwa, kwenye ncha ya ulimi au ukingo wa juu wa shingo. Ngozi yenyewe unaona nyuzinyuzi zimebanana kutoka juu mpaka chini. Ile ya kupakwa unaona kabisa kuna utando wa plastiki juu halafu chini yake manyoya manyoya au kitambaa. Halafu ikunje pale mbele: nzuri inatoa mikunjo midogo midogo isiyofanana, ukiachia inafifia, ya kupakwa inatoa mkunjo mmoja mnene, na kama ni ya siku nyingi utando umeshapasuka. Vinyweleo na makovu madogo usiyaogope, hiyo ndo ngozi ya juu ya mnyama ambayo haijasuguliwa, ndo inayodumu kuliko zote.

Sasa kitu ambacho wateja wengi hawajui. Kuna buti kwenye belo inakuja mpya kabisa, haijavaliwa hata siku moja, unaipenda, unavaa siku ya kwanza soli inapukutika yote barabarani. Muuzaji hajakutapeli. Zile soli nyepesi zinazobonyea, za PU (aina ya plastiki, polyurethane), zikikaa miaka stoo zinakula unyevunyevu wa hewa na kuoza zenyewe ndani kwa ndani, ziwe zimevaliwa au hazijavaliwa. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha, ikibaki alama, ikinata au ikitoa unga, iache. Soli ya mpira mzito haina tabia hiyo.

Ngozi ya juu ikiwa nzima na soli ni ya kushonwa, mimi nasema mtumba unaushinda mpya wa bei ile ile.

hse_geita

Naheshimu sana alichosema mama hapo juu lakini naomba nitofautiane naye kidogo, mimi niko upande wa usalama kazini migodini huku Geita.

Kwa buti ya kutembelea, mtumba poa. Kwa buti yenye chuma mbele unayoitegemea chuma kisikukate vidole, angalia mara mbili. Kile chuma kikishapokea kitu kizito mara moja kazi yake imeisha, hata kama kwa nje ngozi imerudi kama kawaida, na wewe kwenye mtumba huijui historia ya hiyo buti. Ingiza mkono ndani mpaka mbele, pitisha vidole kwenye ukingo wa chuma, ukisikia kimebonyea au kinachoma, achana nayo. Kuna na bamba la chini la kuzuia misumari, likiwa la chuma na buti imekaa na maji linashika kutu huko ndani na huwezi kuliona.

Ukinunua mpya soma maandishi ndani ya ulimi. Za Ulaya zinaandikwa EN ISO 20345, maana yake kofia ya mbele imepimwa kwa joule 200, hiyo ni karibu sawa na kilo 20 ikidondoka kutoka mita moja. Za Marekani zinaandikwa ASTM F2413. Alama ya S3 inakuambia ngozi inazuia maji kwa kiasi na chini kuna kinga ya kuchomwa. Kwa mchomeleaji tafuta na herufi HRO, soli hiyo imepimwa kugusa kitu cha moto wa nyuzi joto 300 kwa dakika moja, na FO kama unakanyaga dizeli na oili. Buti isiyo na alama hata moja ila ina chuma mbele, sijui aliyetengeneza ameipimia wapi.

Na kaka, suruali ishuke JUU ya buti, usichomekee ndani. Kipande cha chuma cha moto kikidondokea kwenye shingo ya buti hutapata muda wa kufungua kamba.

mwalo_kirumba

Mimi niko Kirumba mwaloni, nadhani mnamsahau huyu bwana anavuta boti asubuhi. Ngozi sio ya kusimama majini. Hata iwe ya laki tano, maji yakipita juu ya shingo au yakikaa saa nzima yanaingia kwenye mshono. Hapa kila anayeshusha samaki anavaa gambuti, kazi ikiisha anabadilisha. Weka gambuti pale karakana, vuta boti nazo, halafu futa miguu, vaa soksi kavu, ndo uvae ngozi yako ukachomelee. Gambuti usichomelee nazo lakini, cheche inatoboa.

mchomeleaji_igombe

Aisee asanteni sana, hili la gambuti sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia, na ni kitu kidogo sana kwa gharama. Mama asante, kesho narudi pale na ukucha wangu.

Fundi naomba unifafanulie hii soli ya kushonwa na ya gundi, nazitofautishaje? Maana kila muuzaji anasema yake imeshonwa. Na ukungu je? Kuna viatu vyangu vya kanisani masika hii vimeota ukungu mweupe kabatini.

fundi_viatu_makoroboi

Hapo ndo penyewe mkuu, maana wengi wanaangalia ngozi wanasahau soli, na soli ndo inayoisha kwanza siku zote.

Geuza buti, angalia pale ngozi inapokutana na soli. Ya kushonwa ina mkanda mwembamba wa ngozi unaozunguka ukingo, na uzi unauona umepita kwenye huo mkanda ukashuka mpaka kwenye soli. Ngozi ya juu imeshonwa kwenye mkanda, soli imeshonwa kwenye mkanda, kwa hiyo soli ikiisha mimi nakata uzi wa chini tu, naweka soli nyingine, ngozi ya juu siigusi. Ushonaji huu wanauita Goodyear, sio kampuni ya tairi, ni jina la Charles Goodyear mdogo, mtoto wa yule aliyevumbua namna ya kukomaza mpira, ndo alikuwa na haki ya mashine yake huko Marekani karne ya 19. Jihadhari na uzi wa urembo, viwanda vingine vinachora au kubandika uzi bandia kwenye soli ya gundi. Ingiza ukucha kati ya mkanda na soli, uzi wa kweli unaona unapita.

Ya gundi sio mbaya kwa kila mtu, ila ikiachia mimi nitakubandikia na kuipiga uzi wa pembeni, itaenda, lakini haiwi kama ilivyotoka. Na zile soli za kumiminwa moja kwa moja kwenye ngozi zikioza ndo basi, hata mimi nashindwa.

Hiyo Red Wing kama ina mkanda na soli ya mpira mzima, na chuma kimepita kipimo cha huyo ndugu wa Geita, kwa elfu tisini mimi ningeichukua. Ikikosa kimoja wapo chukua mpya yenye alama, kazi yako sio ya kubahatisha. Na mpya usiivae siku nzima kuanzia siku ya kwanza, vaa jioni nyumbani na soksi nzito, ngozi nene inahitaji wiki kadhaa kuujua mguu. Kisigino kikipanda kidogo mwanzoni ni kawaida, vidole vikigusa chuma sio kawaida, ongeza saizi.

Ukungu: toa nje, brashi kavu kwanza na ufanyie huko huko nje usiuvute puani, halafu siki na maji nusu kwa nusu kwenye kitambaa, futa, acha ikauke kivulini, ndo upake dawa. Usifungie kwenye mfuko wa nailoni, ngozi inataka hewa.

dada_saiti_buzuruga

Naongezea kwa wa saiti za ujenzi: saruji inakula ngozi vibaya sana kuliko maji, ina ukali wa chokaa unaokausha ngozi na kuozesha uzi. Isilale kwenye buti. Ifute siku hiyo hiyo na maji, mwisho kitambaa chenye siki kidogo, kausha, paka dawa. Na wauzaji wa Mwanza tuleteeni saizi 37 na 38 za wanawake jamani, mimi mguu wangu ni 37 naambiwa nivae 40 na soksi mbili, nikipanda ngazi buti inabaki nyuma. Hiyo ni hatari kazini.

mama_belo_mlango_mmoja

Dada njoo, 38 ninazo mbili za ngozi, 37 nikifungua belo jipya nitakuwekea.

mchomeleaji_igombe

Nimerudi wakuu. Red Wing nimeikagua yote, mkanda upo, uzi unapita, soli ngumu haijabaki alama ya ukucha, ndani chuma kiko sawa kote hakijabonyea, ASTM imeandikwa kwenye ulimi. Tumemalizana elfu themanini. Kamba tu ndo zimechoka, na fundi nikizileta uniangalie kisigino kimoja kimelika upande.

fundi_viatu_makoroboi

Hongera mkuu, umepata kitu. Kamba usiweke za nailoni, cheche moja inazikata, nitakukatia za ngozi. Kisigino nitakibadilisha kabla hakijala mpaka kwenye mkanda, njoo kabla hujaanza kuvaa kazini. Jumapili sifungui.