Msimu upi ufundishwe: Adelaide 1877, Melbourne 1877 au University ya 1911–1914?

MkufunziPwani

Wanajukwaa, ninaandaa kipindi cha historia ya michezo ya ridhaa kwa wanachuo wangu, na nimebakiwa na nafasi ya somo moja tu kuhusu kandanda ya Australia, mchezo ambao kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwezi Mei 1859 na Tom Wills pamoja na wenzake wachache. Ninasita kati ya chaguo tatu. La kwanza ni msimu wa 1877 huko Adelaide, ambako chama cha Australia Kusini kiliundwa tarehe 30 Aprili. La pili ni msimu wa mwaka huohuo huko Melbourne, ambako chama cha Victoria kiliundwa mwezi Mei na Carlton wakatambuliwa kuwa mabingwa. La tatu ni miaka ya mwisho ya klabu ya University katika ligi kuu ya Victoria, kuanzia 1911 hadi 1914. Ninaomba hoja, si kura.

KatibuMstaafu

Mwalimu, chagua Melbourne 1877. Niliwahi kuwa katibu wa ligi ya wilaya, na kila ninaposoma habari za msimu ule naiona kazi ninayoijua. Hakukuwa na ratiba iliyopangwa na chama ili kila timu icheze idadi sawa ya mechi. Makatibu wa klabu walikubaliana wao kwa wao nani akutane na nani, siku gani na katika uwanja gani, na timu kubwa ilipokutana na timu dhaifu, ile dhaifu iliruhusiwa kuingiza wachezaji zaidi ya 20 ili mchezo uwe na ushindani. Pointi za msimamo hazikuwapo. Mfumo wa pointi wa kuamua ubingwa wa chama hicho ulikuja mwaka 1888. Kwa hiyo Carlton walikuwa mabingwa kwa sababu klabu na waandishi wa magazeti walikubaliana kwamba rekodi yao iliwashinda wengine. Mwaka huohuo, mwezi Juni, Carlton walisafiri hadi Sydney kupambana na klabu ya Waratah, mechi moja kwa kanuni za raga na nyingine kwa kanuni za Victoria, yaani za kandanda ya Australia, na kila timu ikashinda kwa kanuni zake. Wanachuo wataelewa hapo kwamba chama kilihitajika kwanza ili watu wakubaliane wanacheza mchezo gani.

BintiNgamiani

Shikamoo, Katibu. Naiheshimu hoja yako, lakini sababu uliyomalizia nayo ndiyo inayoipa Adelaide haki ya kutangulia. Kabla ya 1877, klabu za Adelaide zilikuwa zikizozana kuhusu kanuni, kila kundi likishikilia zake, na chama kilizaliwa kutokana na mzozo huo. Kisha msimu wenyewe ukaisha bila bingwa mmoja: South Adelaide na klabu iliyoitwa Victorian zote zinahesabiwa kuwa mabingwa. Mwaka uliofuata Norwood, klabu iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1878, ilichukua ubingwa na kuushikilia kwa misimu sita mfululizo. Mwalimu akianza na Adelaide, anapata mzozo, chama, ubingwa wa pamoja na utawala wa timu moja katika simulizi linalofuatana. Tarehe nayo iko upande wetu, kwani Adelaide ilitangulia Melbourne kwa majuma machache.

Wakili_wa_Michezo

Chaguo zote mbili za 1877 zina upungufu mmoja mkubwa kwa somo la ridhaa: wakati ule haikuwapo ligi ya kulipwa iliyoruhusiwa ya kulinganisha nayo. Ridhaa ilikuwa hali ya kawaida, haikuwa uamuzi wa mtu. University waliingia katika ligi kuu mwaka 1908, pamoja na Richmond, wakiwa klabu ya wasomi isiyomlipa mchezaji. Mwaka 1911 malipo yakaruhusiwa rasmi, klabu nyingine zikalipa, wao wakakataa. Walimaliza safari yao kwa kupoteza mechi 51 mfululizo, wakajiondoa baada ya msimu wa 1914. Hawakuwa watu wasiojua mpira: mmoja wao, Roy Park, aliyekuwa akisomea udaktari, baadaye aliichezea Australia kriketi. Mwanachuo akiiona gharama hiyo, atajua ridhaa ilimtaka mtu aache nini.

KatibuMstaafu

Marahaba, binti yangu. Tarehe ya kuundwa kwa chama siibishi. Kwako Wakili, hoja yako ni nzito, ila anguko la University si msimu. Ni miaka minne ya klabu moja katika ligi iliyokwisha kuacha ridhaa. Somo la Mwalimu ni jinsi mashindano ya ridhaa yalivyoendeshwa. Nikuonye pia, Mwalimu, kuhusu matokeo: mwaka 1877 mshindi alipatikana kwa magoli pekee. Mpira uliopita pembeni mwa goli uliandikwa lakini haukuhesabiwa, na utaratibu wa goli kuwa pointi 6 na pembeni kuwa 1 ulianza na ligi mpya ya Victoria mwaka 1897. Usiwape wanachuo hesabu ya leo kwa mechi za wakati ule.

MkufunziPwani

Nawashukuru sana. Nitafundisha Melbourne 1877, kwa sababu namna mabingwa walivyopatikana bila msimamo wa pointi ndilo swali ambalo wanachuo wangu, waliozoea msimamo wa ligi tangu utotoni, hawajawahi kujiuliza. Mzozo wa kanuni wa Adelaide nitauweka mwanzoni, na University nitawapa kama zoezi la kuandika. Dada BintiNgamiani, je, mechi ya kwanza kati ya makoloni hayo mawili, Victoria na Australia Kusini, ya Julai 1879, inafaa kufungia kipindi?

BintiNgamiani

Inafaa, Mwalimu, ingawa sisi wa upande wa Adelaide hatuifurahii: Victoria walishinda magoli 7 kwa 0.