Buibui mjane mweusi: tunamwogopa kupita kiasi?

Wakuu, nafuga buibui mwaka wa 6 sasa. Juzi niliweka picha ya mjane mweusi wangu, jike, akilinda kifuko chake cha mayai. Mmoja akaniambia nitakufa. Mwingine akasema sumu yake ni sawa na ya nyuki. Nani yuko sahihi?

Jibu 1
Wote wamekosea, mkuu. Mimi aliniuma kidoleni nikisafisha chombo chake. Mwanzoni ilikuwa kama kuchomwa sindano, nikaendelea na kazi. Baada ya kama saa moja maumivu yakapanda hadi kwapani, tumbo likakaza kama ubao, jasho likanitiririka. Usiku mbili sikulala. Mtu mzima mwenye afya ni nadra kufa, lakini usiniambie ni nyuki!

Jibu 2
Pole sana. Ila hofu imezidi. Atrax robustus, buibui wa Sydney huko Australia, anatajwa kuwa hatari kuliko wote, na tangu dawa ya sumu yake ilipopatikana mwaka 1981 hakuna kifo kilichothibitishwa.

Jibu 1
Ndiyo, kwa sababu dawa ipo! Kabla ya hapo vilirekodiwa vifo 13. Je, hospitali iliyo karibu nawe ina dawa ya spishi unayofuga? Wenye Poecilotheria (aina ya tarantula, buibui wakubwa wenye manyoya) hawana dawa yoyote, wanavumilia tu misuli ikikaza siku kadhaa.
Ndugu muulizaji, mfuge, ni mzuri mno. Tumia kibano kirefu, na ukiwa na mtoto mdogo nyumbani, chombo kiwe na kufuli.