Wajukuu wanakuja Guangzhou, tuwatembeze wapi? Tupeane uzoefu

Mama Kontena
Wadau wa Guangzhou, habari za majukumu. Binti yangu anakuja Desemba na wajukuu wawili, wa kiume miaka kumi na minne, wa kike sita. Mji huu ninaoujua mimi ni stoo, soko na ofisi ya wakala wa mizigo. Naishi mtaa wa Xiaobei tangu enzi zile kila Mswahili alikuwa anakutana na mwenzake jengo la Tianxiu, lakini ule mnara mrefu wa mtoni, Canton Tower, nauona kwenye dirisha la teksi tu. Sasa hawa wanakuja kumwona bibi China, siwezi kuwafungia ndani waangalie katuni.

Mliokwisha kutembeza watoto na wajukuu hapa, tupeane uzoefu. Orodha za watalii ninazo. Nataka yaliyowakuta: watoto walifurahia nini, walinuna wapi, na nyie wazee miguu iliwashinda wapi.

Babu wa Sanyuanli
Karibu chamani, mama. Kabla ya mnara, polisi. Wageni wakilala nyumbani kwako na si hotelini, lazima waandikishwe kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24 tangu wafike. Hotelini wanafanya wao, nyumbani ni jukumu lako mwenyeji. Chukua pasipoti zao zote, za watoto pia, mkataba wako wa nyumba na hati zako za ukaaji. Wengi tunajua hili kwa mtu mzima, akija mtoto tunajisahaulisha, eti huyu naye ataandikishwa kwa kosa gani.

Wangu nilitoka nao uwanja wa ndege wa Baiyun, tukaweka mabegi, tukaenda moja kwa moja. Mdogo akasinzia kwenye kiti cha kituo, askari wa kike akamletea maji ya moto. Mtoto kaamka, kaonja, kaniuliza: "Babu, chai yenyewe iko wapi?"

Na pasipoti zikae kwenye mkoba wako kila mtokapo. Sehemu nyingi za kuingia kwa tiketi wanaziulizia.

Mkenya wa Panyu
Mama, jambo la kwanza ni barabara. Watoto wetu wamezoea magari upande wa kushoto. Hapa ni kulia, kwa hivyo mtoto akifika ukingoni anaangalia upande ambao gari haliji. Wangu niliwaambia sheria ni moja: mkono wa nyanya hauachiwi mpaka tufike ng'ambo.

Halafu zile pikipiki za umeme. Hazina mlio hata kidogo, na zinapita hadi njia ya waenda kwa miguu. Mtoto aliyelelewa Nairobi anasikiliza hatari kwa masikio, boda boda inajitangaza ikiwa mbali. Hapa masikio hayakusaidii.

Mrundi
Sisi Bujumbura tunaendesha kulia, nilidhani watoto wangu watakuwa salama. Pikipiki za hapa hazina kulia wala kushoto.

Binti wa Mgeni
Shikamooni wazee. Mimi nitasema kama mtoto aliyetembelea, maana nyie wote mnaongea kama wenyeji.

Baba yangu yuko Guangzhou tangu niko shule ya msingi. Kila nikipiga simu, "nipo sokoni mwanangu, nakupigia." Nimekua na hilo soko kichwani, sijui lina paa au liko uwanjani. Nilipokuja na wanangu alikuwa ametupangia mambo makubwa: mnara, meli ya usiku mtoni, hoteli ya chai ya asubuhi yenye vile vikapu vya mianzi. Vyote vizuri, namshukuru. Lakini siku ya tatu nikamwambia, baba, tupeleke kazini kwako.

Akasita. Akasema kule kuna kelele, kuna masanduku, mtagongwa na mikokoteni. Tukaenda. Ni jengo la ghorofa, kila ghorofa vichochoro, kila kichochoro vibanda, kila kibanda mikoba ya mkononi imening'inia toka sakafuni hadi darini. Mwenye kibanda akamwona baba, akaita jina ambalo si lake, wamempa wao. Akatoa kikokotoo, kile kikubwa chenye sauti, akabonyeza bei. Baba akakichukua, akafuta, akabonyeza ya kwake. Yule mama akashika kifua kama anaondoka duniani. Akafuta, akabonyeza tena. Hakuna aliyesema neno. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa amesimama katikati anageuza shingo, na walipofika mahali namba haisogei, akanyoosha mkono, akachukua kikokotoo, akapunguza yuan mbili. Wote wakacheka, na zile yuan mbili zikapunguzwa kweli.

Mnara mwanangu hauongelei tena. Kikokotoo anakihadithia hadi leo. Kwa hiyo mama, usilione stoo lako ni la aibu. Wanakuja kukuona wewe unaishi vipi.

Mzee Fundi Simu
Nimekusoma binti, umeongea vizuri, lakini soko la jumla na mtoto wa miaka sita mimi sikubali. Wa tisa sawa, wa kumi na minne sawa. Wa sita yuko usawa wa magurudumu ya mikokoteni, na wale vijana wa mizigo wakishapakia hawaoni mbele.

Mpeleke Yide Road. Kuna kituo cha treni ya chini ya ardhi chenye jina hilo, laini namba 6. Ile barabara upande mmoja wanauza samaki na uduvi wakavu wa jumla, upande mwingine majengo ya wanasesere, magari ya betri, kalamu, vifutio vya sura zote. Ujue tu kwamba wengine hawauzi kimoja. Mjukuu wangu alitaka bata mmoja wa kuogea, mama wa dukani akamwonyesha mfuko wa bata wengi mno. Tukanunua mfuko. Darasa zima Tabata sasa wana bata.

Na hapo hapo kuna kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, la mawe ya matale toka chini hadi minarani. Walianza kulijenga 1863, likamalizika 1888. Jumapili kuna misa ya Kiingereza, Waafrika wengi, watoto watasikia na Kiswahili nje ya mlango. Mmechoka na bata wenu, mnakaa pale uani, pako kimya kidogo.

Ustadh wa Ximenkou
Asalam aleikum. Kwa familia ya Kiislamu Ijumaa imejipanga yenyewe. Asubuhi bustani ya Yuexiu, kituo chake kiko laini namba 2. Juu kuna sanamu la mawe la mbuzi watano, na watoto lazima wapande ngazi kulifuata. Hadithi yake waambieni njiani: zamani kulikuwa na njaa, wakashuka watakatifu watano wamepanda mbuzi, kila mmoja na suke la mpunga, wakawapa watu wa hapa, wakaondoka, mbuzi wakageuka mawe. Mjukuu wangu aliuliza mbuzi wamekosa nini mpaka waachwe. Sikuwa na jibu.

Kutoka hapo mnateremka kwenye msikiti wa Abi Waqqas kuswali. Mapokeo ya Waislamu wa China yanasema kaburi lililopo pale ni la Saad bin Abi Waqqas, swahaba. Wanahistoria wana maneno yao, mimi siwaingilii. Ijumaa panajaa mpaka watu wanaswali nje chini ya miti, Wasomali, Wahui (Waislamu wa hapa China), Wapakistani, Wazanzibari, na kando ya njia wanauza nyama na mikate. Mwanangu anaishi Oman, amezoea misikiti mikubwa ya marumaru, lakini swala ile ya chini ya miti ndiyo aliyoipiga picha.

Mchana tambi za Lanzhou, halali. Kaeni karibu na jikoni. Jamaa anachukua donge la unga, analivuta mikono yote miwili, analikunja, anavuta tena, analipiga mezani *pa*, anavuta, kila akikunja nyuzi zinaongezeka maradufu, mwisho ameshika kitu kama nywele na hajakata hata mara moja. Dakika mbili tu. Watoto waliokuwa wanalilia chipsi walinyamaza.

Mkenya wa Panyu
Niko karibu na Chimelong, kwa hivyo kila mgeni wangu hupelekwa mbuga ya wanyama ya pale, kituo cha Hanxi Changlong, laini namba 3. Wale panda mapacha watatu waliozaliwa pale 2014 ndio sababu ya kwenda. Ni siku nzima, vaa raba.

Onyo: wajukuu wangu wametoka Nanyuki. Tulipofika kwa twiga, yule mkubwa akaniangalia, akasema, "Nyanya, umelipa pesa tuone twiga?"

Wa Malindi
Twiga wa kwetu aliyepelekwa China zamani hakulipiwa kiingilio. 1415, alitoka Malindi akapelekwa kwa mfalme wa ukoo wa Ming, na mfalme mwenyewe akatoka kumpokea. Waambie wajukuu waheshimu.

Dada Mhasibu
Kuhusu mnara, maana naona kila mtu anaukwepa. Una mita 600, ulifunguliwa 2010 mwaka wa michezo ya Asia, na juu kabisa kuna vyumba 16 vya kioo vinavyozunguka ukingoni taratibu. Kijana wa miaka kumi na minne atapenda. Wa sita ataogopa, au hataogopa na wewe ndiye utakayeogopa. Angalia hewa kwanza, kukiwa na ukungu unalipia mawingu.

Sisi wa mfuko mwembamba tunauangalia bure ukiwa ng'ambo ya mto, uwanja wa Huacheng, taa zikishawaka. Na kuufikia mpande ile treni ndogo ya APM inayopita chini ya Zhujiang New Town. Haina dereva. Watoto wakae behewa la mbele kabisa waone njia ya chini inavyowajia. Nauli za treni zinaanzia yuan 2, na mwanangu alitaka turudie mpaka nikaona aibu.

Laini namba 3 jioni, hasa kituo cha Tiyu Xilu, usithubutu na mtoto mdogo. Nasema kwa upendo.

Mama Kontena
Nimecheka hadi jirani kagonga ukuta. Endeleeni. Swali: nywele. Mjukuu wangu ana rasta ndefu na shanga, nasikia watu wanashika bila kuuliza?

Binti wa Mgeni
Wanashika, shangazi. Wengi ni wazee, na wengi wana mapenzi tu. Picha ndiyo zaidi: unakula, unageuka, mtu yuko nyuma ya mwanao amenyoosha vidole viwili. Tuliweka utaratibu. Mtoto akitaka picha anasogea mwenyewe, asipotaka ananishika mkono mara mbili, mimi nasema "bu yao", yaani hatutaki, na kutabasamu, tunaondoka. Siku ya kwanza alipenda, alijiona nyota. Siku ya nne alikuwa amechoka, akavaa kofia. Usimlazimishe ili kumfurahisha mtu wa treni. Hata kama ni bibi mwenzio.

Babu wa Sanyuanli
Kijana mkubwa mpe kazi. Kabla hawajaondoka Dar wahakikishe simu zina VPN, ile programu ya kufungua mitandao iliyozuiwa, au laini ya nyumbani iliyofunguliwa huduma za nje, maana WhatsApp na Google hapa hazifunguki kawaida, na kupakua VPN ukiwa umeshafika ni shughuli. Alipay siku hizi inakubali kadi za benki za nje, binti yako aiunganishe mapema. Noti wanapokea, lakini muuza mahindi anazitazama kana kwamba umempa kitu cha makumbusho.

Mjukuu wangu wa kumi na tano kwa siku mbili ndiye alikuwa ananiongoza mimi. Ananiambia, babu, tokea mlango wa D. Mimi hapa miaka yote natokea mlango wowote nauliza mbele ya safari.

Mzee Fundi Simu
Hong Kong mtashawishika kwenda, kutoka kituo cha Guangzhou South treni ya kasi haifiki hata saa moja na nusu. Angalieni viza kwanza. Kama ni ya kuingia mara moja, ukivuka Hong Kong umetoka China, kurudi ni viza nyingine. Ya kwako ya ukaaji haina shida, ya wageni ndiyo yenye shida.

Mama Kontena
Asanteni sana. Nimepanga hivi: siku ya kwanza polisi na kulala. Yide Road na kanisa. Ijumaa bustani na tambi, sisi ni Wakristo lakini tambi hazina dini. Mnara tutauona ng'ambo, kijana akilia sana atapanda na mama yake. Stoo kijana anakuja, mdogo atabaki na jirani.

Binti anauliza alete nini. Na Desemba baridi?

Dada Mhasibu
Mchana nyuzi kama ishirini, usiku inashuka hadi kumi na kitu, mvua chache. Ndiyo miezi mizuri ya kutembea, kuliko Julai mnavyotoka jasho kama mabomba. Ila nyumba zetu hazina joto la ukutani kama za Beijing na vigae vinauma. Soksi nene na sweta mbili kila mtoto.

Mkenya wa Panyu
Asilete maembe. Matunda mabichi forodha hawaruhusu, na kuna mbwa wa kunusa mabegi.

Mama Kontena
Na dagaa?

Mzee Fundi Simu
Dagaa wa nini, mama, Yide Road wamejaa.

Babu wa Sanyuanli
Wale si dagaa. Umewahi kuwala na ugali au unawaona tu kwenye magunia?