Watunzi wa orkestra tumewakosea nini? Miaka mitatu natuma nota, hakuna aliyepiga hata ukurasa mmoja

Wakuu habari za jioni. Leo naomba nitoe dukuduku langu lote, nikiendelea kunyamaza nitapasuka, na mke wangu amesema hataki tena kusikia habari za violini humu ndani kwa hiyo mmebaki nyinyi.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, Mwanza, miaka 37. Nyimbo za kwaya nimetunga nyingi tu, nyingine zinaimbwa parokia ambazo sijawahi kufika. Mwaka 2021 nikajiambia sasa nitunge kitu cha orkestra, na sio wimbo wa kwaya uliobandikwa violini juu kama mapambo ya harusi, nasema orkestra yenyewe, fluti mbili, obo mbili, klarineti, fagoti, honi, tarumbeta, timpani na makundi yote matano ya vyombo vya nyuzi. Dakika 9. Nimeujenga juu ya mdundo wa bugobogobo, ile ngoma ya majembe ya kwetu Usukumani, violini za pili na viola ndo zinashika jembe, chelo ndo udongo. Miezi kumi na nne nimekaa nao huo wimbo, usiku watu wamelala mimi nahesabu bari, vile vipande vya mapigo kwenye nota.

Na wimbo ukiwa umeshaisha, ile programu ya kuandikia nota, Finale, ambayo walimu wa kwaya wengi tumekulia nayo, wenyewe wakatangaza wanaifunga, Agosti 2024, basi nikahamia MuseScore ya bure nikaanza kupanga upya kila kitu mpaka alama za pumzi. Ila hiyo tuiache.

Kuna kitu mtu asiyetunga hawezi kukielewa haraka. Kwenye kwaya nikitunga leo, Alhamisi nagawa nota, Jumapili watu wanaimba. Kama wale wa tenori, sauti ya juu ya wanaume, nimewapandisha sana naona mishipa ya shingo. Kama besi nimewazamisha chini kuliko uwezo wao wale wazee wa besi wataniambia palepale, tena kwa maneno ambayo hayafai kanisani. Naenda nyumbani narekebisha. Ndivyo tulivyojifunza wote, hakuna aliyezaliwa anajua. Sasa orkestra nitajifunzaje wakati sijawahi kuisikia hata bari moja niliyoandika mwenyewe ikipigwa na binadamu?

Msiniambie kompyuta. Kompyuta inadanganya wakuu. Ukiandika fluti kule chini kabisa kwenye do yake ya chini halafu tarumbeta mbili zinapiga kwa nguvu, kompyuta itakuchezea zote unazisikia vizuri, ukitaka zaidi unasukuma kale kamshale ka sauti. Kwenye ukumbi ile fluti haipo. Imekufa. Mpigaji anapuliza mpaka macho yanamtoka na hakuna anayemsikia. Kompyuta haipumui, haichoki mdomo, haigeuzi ukurasa, haiulizi "samahani mwalimu hii nota mbona haishikiki kwa vidole vya mtu mmoja".

Mwaka jana nilienda kwa mzee mmoja aliyewahi kuongoza bendi ya shaba, nikamwonyesha. Akavaa miwani akafungua ukurasa wa sita akaweka kidole kwenye tarumbeta ya kwanza akaniuliza, "Mwalimu, huyu kijana wako anapumulia wapi?" Nikahesabu. Bari 31 bila pumziko, juu kabisa. Nilitamani ardhi inimeze. Dakika tano za yule mzee zilinifundisha kuliko miaka yote ya kukodolea macho skrini, na yule hata hakupiga, alisoma tu! Akaniambia angekuwa na watu wa nyuzi angenipigia hata jioni ileile, lakini bendi ya shaba nyuzi haina, na mimi nusu ya wimbo ni nyuzi. Tukanywa chai nikaondoka.

Haya sasa njoo kwenye hizi zinazoitwa fursa za watunzi chipukizi, ambazo ndo zimenitoa moshi masikioni. Kila ukifungua intaneti "tunakaribisha kazi mpya za orkestra". Unafurahi. Unasoma masharti. La kwanza, lipa ada, dola 30, dola 40, nyingine 50, kwa kila wimbo, hairudishwi. Jamani dola 40 ni kama shilingi laki moja, na mimi kwaya inanilipa kwa "Mungu akubariki mwalimu". La pili umri, usizidi 30, au 35. Nilipokuwa na miaka 30 nilikuwa hata alama za viola sijui kuzisoma kwa sababu tumekuzwa na sol-fa, zile nota za herufi za do-re-mi, huo mstari wa viola nimejifundisha mwenyewe ukubwani. Kwani kuchipua kuna umri? Mwembe ukikatwa ukiwa na miaka arobaini hauchipui?

Halafu la tatu ndo lilinifanya nizime laptopu nikatoke nje: ambatanisha rekodi ya kazi yako ya awali ya orkestra, iliyopigwa laivu, ya kompyuta haikubaliki. Soma tena. Ili wakupigie lazima uwe umeshapigiwa. Ni kama yale matangazo ya ajira, kijana ametoka chuo jana anaambiwa awe na uzoefu wa miaka mitano. Sasa hiyo ya kwanza niitoe wapi, nijipigie mwenyewe vyombo vyote?

Nikasema acha nijaribu karibu na nyumbani. Kuna kikundi cha orkestra hapahapa Afrika Mashariki, sikitaji, nikawatumia imeili, nikawatumia PDF, sauti zote, yaani nota za kila chombo peke yake, zimepangwa safi, klarineti nimeshaihamisha kwenye B flati yake, honi kwenye F yake, mtu asipate shida hata kidogo. Miezi minne kimya. Nikakumbusha. Wakajibu mstari mmoja, programu ya mwaka imejaa. Nikaenda kuiangalia hiyo programu iliyojaa: Handel na Strauss, watunzi wa zamani wa Ulaya, muziki wa filamu, na Krismasi tena Handel. Handel amefariki 1759 wakuu. Hana haraka. Mwakani akipumzishwa mara moja hatalalamika.

Najua mtakavyonijibu, wapigaji ni wa kujitolea, mazoezi mara moja kwa wiki, wengine wanatoka kazini na foleni, wimbo mpya unakula muda, na watu wananunua tiketi kusikia wanachokijua. Naelewa yote, mimi mwenyewe naongoza watu wa kujitolea miaka 12 sasa. Ndo maana SIOMBI konseti. Siombi tuzo. Siombi jina langu kwenye bango. Naomba dakika 20 za mwisho za mazoezi ya Jumanne, watu wapige moja kwa moja wakikosea wakosee, mimi nikae nyuma na penseli na simu ya kurekodia, basi. Wenzetu wanafanya. London Symphony Orchestra kila mwaka wanachukua watunzi sita, kila mmoja anaandika kipande cha dakika tatu hivi, orkestra nzima inakifanyia mazoezi mbele yake na anaongea na wapigaji. Dakika tatu tu! Lakini yule akitoka pale anajua. Huo mpango ni wa watu wa kule, siulilii, naulizia sisi wa kwetu uko wapi.

Mnaona mtunzi Takemitsu wa Japani, yule kwa sehemu kubwa alijifundisha mwenyewe kama sisi. Mwaka 1957 akaandika rekwiemu, muziki wa kuombea marehemu, ya vyombo vya nyuzi peke yake. Mwaka 1959 Stravinsky, mtunzi mkubwa mzaliwa wa Urusi, yupo Japani akaisikia rekodi yake, akaisifu, dunia ikageuka kumtazama. Watu wanahadithia hiyo kama bahati. Bahati gani? Aliisikia kwa sababu kulikuwa na watu walioipiga na kuirekodi! Ingekuwa imekaa kwenye droo kama yangu Stravinsky angesikia nini, karatasi? Na leo kuna tuzo kule Tokyo yenye jina la Takemitsu, jaji mmoja tu kila mwaka, watunzi wakifika fainali orkestra inapiga kazi zao zote ukumbini. Mwisho miaka 35 lakini, nimechelewa kwa miwili.

Na msiniletee ile ya "muziki huo ni wa wazungu, Waafrika hatuna watu". Kinshasa kuna orkestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Kimbangu, ilianza 1994, aliyeianzisha Armand Diangienda alikuwa rubani, kazi ikaisha akakusanya waumini, wengi hawajawahi kushika violini, chombo kimoja watu kadhaa wanapokezana, na wakafika kupiga Beethoven. Na Zanzibar je? Vikundi vya taarabu, Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, violini kibao, kanuni, udi, nai, akodiani, chelo, besi. Hiyo si orkestra ni nini? Na taarabu mtunzi akileta wimbo mpya kikundi kinakaa kinaufanyia mazoezi, wimbo mpya ndo silaha, ndo unamtoa jirani jasho sikukuu ya Idi. Hakuna aliyemwambia mtunzi wa taarabu alete kwanza rekodi ya wimbo uliopigwa na kikundi kingine. Sisi wa nota ndefu ndo tumejiwekea geti halafu funguo tumempa Handel.

Mtunzi Mganda Justinian Tamusuza, Kronos Quartet wa San Francisco walipiga kazi yake kwenye albamu yao ya 1992, wapigaji wanne tu wa vyombo vya nyuzi, dunia ikasikia. Kutoka Uganda mpaka San Francisco. Mimi hata kutoka Mwanza mpaka hapo jirani nimeshindwa.

NIMEONGEZA: mkuu unayesema "tafuta hela ukodi wapigaji", nimepiga hesabu usidhani sijapiga. Watu 30, nauli, chakula, ukumbi, na wa fagoti sijui nitamtoa nchi gani, kwa hela hiyo namalizia nyumba. Na wewe unayesema nipunguze iwe ya kinanda na kwaya, asante, nimeshafanya hivyo miaka 15.

Mdada aliyeuliza kama nota nimeshaziprinti, ndio. Sauti 25, kurasa zaidi ya 180, kijana wa stesheneri alinitazama kama nimechanganyikiwa. Ziko kwenye boksi chini ya kitanda, kila sauti na bahasha yake, kurasa nimezipanga mtu ageuze pale anapopumzika. Tarumbeta nimeshamwekea pumzi, mzee alikuwa sahihi. Kama kuna mtu humu ana watu kumi na tano wa nyuzi na nusu ya wapulizaji, popote pale, Dar, Arusha, Nairobi, Kampala, inbox iko wazi. Nakuja na basi, boksi nabeba mapajani, na chai ya mazoezi nalipa mimi.